Kabla ya Kuomba Elektivu Ng'ambo

Likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa udaktari wa Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma, Nairobi na Eldoret huanza kuuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: mtu anapataje nafasi ya kufanya mafunzo ya vitendo katika hospitali ya nchi nyingine kabla hajamaliza shahada? Wazazi wao huuliza la pili: kiasi gani? Na wapo wahadhiri wanaouliza la tatu, tena kwa sauti ya chini: ya nini?

Hilo la tatu ndilo la kujibiwa kwanza. Anayelikosea huweza kutumia fedha za ukoo mzima na kurudi na picha za kupiga mbele ya jengo.

Atakachokikuta, na asichokitarajia

Mwanafunzi wa mwaka wa nne katika hospitali ya rufaa ya Tanzania au Kenya ana mikono iliyozoea kazi. Ametoa damu, ameweka kanula na mpira wa mkojo, ameshona vidonda, na zamu za usiku amesaidia kuzalisha. Akifika Uingereza kwa visa ya mgeni, kanuni zinaruhusu elektivu ya mwanafunzi wa tiba kwa masharti mawili: asilipwe, na asitibu wagonjwa. Kwa hiyo atasimama nyuma ya kundi kwenye raundi, atasikiliza, atauliza, atasoma. Mara nyingine ataruhusiwa kuchukua historia ya mgonjwa au kumpima chini ya usimamizi, na hapo ndipo mwisho.

Anayekwenda kutafuta mikono atarudi amenuna. Mikono ipo nyumbani.

Kinachofaa kufuatwa huko ni jinsi kazi inavyopangwa: makabidhiano ya zamu, kumbukumbu za mgonjwa, nafasi ya mfamasia na mtaalamu wa viungo katika maamuzi ya wodi, na namna daktari kijana anavyoweza kumwambia bingwa "ngoja kwanza" bila kufokewa. Mambo hayo hayahitaji mashine ya mabilioni. Mfano mzuri ni karatasi ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama kabla ya upasuaji. Ilipojaribiwa mwaka 2007 na 2008, hospitali nane za miji minane zilihusika: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara, Tanzania. Katika majaribio hayo vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi ilikuwa moja, Seattle na Ifakara. Mwanafunzi akienda kutazama jinsi karatasi kama hiyo inavyosomwa kwa dhati chumba cha upasuaji, wala haitiwi tiki baada ya mgonjwa kutolewa, amepata kitu cha kurudi nacho.

Jina la nafasi lina uzito

Barua za hospitali hutumia maneno yanayofanana kwa mambo tofauti. Kabla ya kulipa chochote, mwombaji ajue anapewa ipi kati ya hizi:

- Elektivu. Ni sehemu ya masomo, chuo cha nyumbani kinaitambua, na kuna msimamizi wa kujaza fomu ya tathmini.
- Utazamaji. Mtu anatazama tu, hamgusi mgonjwa, na mara nyingi hapati tathmini. Wengi wanaotumia njia hii ni waliokwisha kuhitimu.
- Mabadilishano ya wanafunzi. Hupitia vyama vya wanafunzi wa tiba, kwa kawaida wiki nne.

Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya mwaka wa intanshipu baada ya kuhitimu. Mwaka huo una hospitali zake zilizoidhinishwa na unasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara, na KMPDC kwa Kenya. Mtu akiambiwa na wakala kwamba wiki nane za Hamburg "zitahesabiwa" kwenye mwaka huo, aombe maandishi ya baraza lenyewe. Hatayapata.

Milango, kuanzia ulio karibu

*Ofisi ya mkuu wa kitivo.* Wanafunzi wengi huanza kwa kuandikia hospitali ishirini za Marekani wakati mlango uko ghorofa ya pili ya jengo lao. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana tangu kitivo chake cha tiba kilipoanza karibu mwaka 1990. Wa Indiana huja Eldoret, na wa Moi huenda Indianapolis. Bugando ya Mwanza ina uhusiano wa siku nyingi na Weill Cornell ya New York, KCMC ya Moshi na Duke ya North Carolina, Makerere na Karolinska ya Stockholm. Tahadhari moja: uhusiano mkubwa kwenye karatasi huenda ni wa utafiti na mafunzo ya ubingwa tu. Swali la kuuliza ni fupi: "Kuna nafasi kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na nani anachagua?"

*TAMSA na MSAKE.* Vyama vya wanafunzi wa tiba vya Tanzania na Kenya ni wanachama wa IFMSA, shirikisho la dunia lililoanzishwa mwaka 1951. Utaratibu wake wa mabadilishano ndio nafuu kuliko yote kwa mfuko wa kawaida, kwa sababu nchi mwenyeji hutoa malazi na mlo walau mmoja kwa siku, na mwanafunzi hubaki na nauli, visa, bima na ada ya chama. Nafasi hutokana na mikataba ya nipe nikupe: Italia ikileta wawili, wawili wanakwenda Italia. Ndiyo maana wanaojitolea kuwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwatembeza Kariakoo mara nyingi hujikusanyia pointi za kuchaguliwa. Wanaojitokeza siku ya usaili tu hushangaa kukosa.

*Kuomba moja kwa moja.* Inawezekana, hasa Uingereza, Ujerumani, India na Afrika Kusini. Kwa Marekani kuna mfumo wa maombi unaoitwa VSLO, wa chama cha vyuo vya tiba vya nchi hiyo, lakini mwanafunzi wa nje huingia kupitia chuo chake kilichojiunga. Chuo kisipokuwemo, akaunti haifunguki. Baadhi ya vyuo vya huko hupokea maombi nje ya mfumo huo, na vingi hutaka mwanafunzi awe mwaka wa mwisho.

*Wakala.* Wapo waaminifu. Dalili za wasio waaminifu ni hizi, na moja tu inatosha kuondoka:

- ada inatumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi;
- barua ya hospitali imetoka kwenye anwani ya barua pepe ya bure;
- anaahidi kazi baada ya mafunzo;
- anashauri kumwambia afisa wa visa kwamba ni safari ya utalii.

Njia ya kuhakiki ni kwenda kwenye tovuti ya hospitali, kutafuta ofisi ya elektivu, na kuiandikia kwa anwani iliyoko hapo. Isiwe ile aliyoitaja wakala.

"Ng'ambo" siyo lazima iwe na theluji

Hapa wasomaji wengi hukunja uso, lakini hoja isikilizwe. Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna hospitali ya watoto ya CURE. Miaka ya 2000 daktari Mmarekani Benjamin Warf aliendeleza pale njia ya kutibu vichwa vikubwa vya watoto kwa kamera ndogo, bila kuacha mpira kichwani ambao ukiziba kijijini hakuna wa kuuzibua. Baadaye Warf alihamia Boston, na njia ile ikamfuata. Elimu ilitoka Mbale kwenda Marekani. Kampala ndiko Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago, alikoeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto unaobeba jina lake, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo hapo hapo tangu 1967. Hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, hupokea majeruhi wengi kiasi kwamba wanafunzi wa Ulaya hupigania nafasi ya kwenda.

Mtanzania au Mkenya hahitaji visa kuingia Uganda. Basi linafika. Na mgonjwa atakayemwona huko ndiye atakayemkuta Sumbawanga au Kitui akishahitimu. Kwa mwanafunzi asiye na mfadhili, hili ndilo chaguo la kwanza, na mwenye kulidharau amepotoka.

Kalenda ya mwaka mmoja

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchelewa.

- Miezi 12 kabla: chagua idara moja na nchi mbili. Zungumza na mkuu wa kitivo. Kagua pasipoti, ikibakiza chini ya miezi sita baada ya safari, ibadilishe.
- Miezi 10: anza chanjo (sababu ziko chini).
- Miezi 9 hadi 6: tuma maombi. Hospitali maarufu hujaa mapema.
- Miezi 5: barua ya kukubaliwa ikifika, omba cheti cha polisi cha tabia njema, nakala ya matokeo na barua ya chuo.
- Miezi 4 hadi 3: visa. Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, lakini miadi yenyewe ndiyo adimu. Nchi nyingine hazina dawati la visa Dar es Salaam, na hilo huongeza safari ya pili kwenye bajeti.
- Tiketi: baada ya visa. Anayetakiwa kuonyesha tiketi aweke nafasi inayoweza kufutwa.

Chanjo na kifua kikuu

Hapa ndipo maombi mengi hukwama, na hakuna anayewaonya wanafunzi.

Homa ya ini B huchomwa mara tatu: mwanzo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Kisha, mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, hupimwa damu kuona kama kingamwili zimefika angalau 10 mIU/mL. Hesabu ya haraka: karibu miezi minane. Mwanafunzi anayekumbuka hili mwezi Mei hawezi kuingia wodini Julai, hata awe wa kwanza darasani.

La pili ni kifua kikuu. Watoto wa Afrika Mashariki huchanjwa BCG wakizaliwa, na wanafunzi wengine wamekaa wodini na wagonjwa. Kipimo cha ngozi huweza kuvimba bila mtu kuwa na ugonjwa, na hospitali ya kigeni ikaanza kuogopa. Dawa ya usumbufu huo ni kuuliza mapema kama wanakubali kipimo cha damu kiitwacho IGRA, ambacho hakiathiriwi na BCG, pamoja na picha ya kifua. Maabara chache hukifanya, na si cha bei rahisi, kwa hiyo kiingie kwenye bajeti.

Surua, rubela na tetekuwanga: wengi waliugua au walichanjwa utotoni na kadi ya kliniki imeshapotea. Kipimo cha kingamwili hutosha. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku ya kumi baada ya chanjo, na tangu 2016 ni cha maisha yote. Asikubali mtu kuuziwa "kurudia ya miaka kumi".

Fedha, bila kujidanganya

Nauli huwa haimshindi mtu. Kinachomshinda ni vitu vidogo vilivyosahaulika:

- ada ya hospitali au chuo mwenyeji (nyingine ni bure, nyingine huzidi nauli);
- bima ya afya; Schengen inataka isiyopungua euro 30,000;
- bima ya makosa ya kitabibu, ambayo hospitali nyingi hudai hata kwa mtazamaji;
- ada ya visa; ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi;
- amana ya chumba, usafiri wa kila siku, na koti la baridi.

Fedha za harusi ya dada au mkopo wa ada ya muhula usiguswe. Mwanafunzi akishindwa kuonyesha bajeti yake kwenye ukurasa mmoja, hayuko tayari.

Visa: ukweli mtupu

Afisa wa visa anataka kujua jambo moja, kama mwombaji atarudi. Barua ya chuo inayosema masomo ya mwaka unaofuata yanaanza lini ina nguvu kuliko hati ya nyumba ya mjomba. Fedha zilizoingia benki ghafla wiki moja kabla ya ombi hutia shaka. Maelezo ya mfadhili yaambatane na uthibitisho wa kipato chake.

Kwa Marekani, visa ya B-1 imekuwa ikitumika kwa elektivu isiyolipwa katika hospitali ya chuo cha tiba. Ila masharti yamebadilika kwa kasi. Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa kwenye mpango wa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa visa za aina hiyo, na mwishoni mwa mwaka huo vikwazo vikazidi. Asitegemee mtu simulizi za aliyekwenda mwaka juzi. Tovuti ya ubalozi isomwe siku ile ile ya kujaza fomu.

Barua ya maombi

Waandaaji husoma barua nyingi zinazoanza na ndoto za utotoni za kuvaa koti jeupe. Barua fupi hupita. Iseme mwaka wa masomo, tarehe kamili, idara, sababu moja ya kuchagua idara hiyo, na kitu kimoja ambacho mwanafunzi anataka kukiangalia. Kwa mfano: "Wodi yetu ya watoto wachanga hutumia njia ya kangaruu kwa watoto njiti, ningependa kuona jinsi mnavyomhusisha mama tangu saa za kwanza." Mtu anayeandika hivyo ameshaonyesha kuwa ametoka wodini.

Makosa yanayorudiwa: kunakili barua moja na kusahau kubadilisha jina la hospitali, kuandikia idara tano za hospitali moja, na kuandika kwamba Afrika haina chochote. Hilo la mwisho linamdhalilisha mwandishi mwenyewe.

Wodini, wiki ya kwanza

Lugha ndiyo mtihani wa kwanza, hata kwa mwenye Kiingereza cha A. Mzee wa Glasgow hasemi kama kitabu. Ujerumani na Sweden mgonjwa huongea lugha yake, na raundi hufuata. Msimamizi hutafsiri akikumbuka. Miezi mitatu ya Kijerumani kabla ya safari haimfanyi mtu mtaalamu, lakini inamwezesha kusalimia, kuuliza wapi panauma, na kuelewa anapofukuzwa.

Marekani ina mitego yake. Adrenalini huitwa epinefrini, parasetamoli ni asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli. Sukari hupimwa kwa kizio kingine: 7 ya Muhimbili ni 126 kule, zidisha kwa 18. Mgeni akisikia "sukari ni 110" asikimbilie insulini. Ni kama 6 tu. Joto la 100.4 ni 38.

Mambo mengine ya kushika:

- Simu. Hakuna picha wodini, hata ya kitanda kitupu, hata ya picha ya eksirei iliyokatwa jina. Ulaya sheria ya data ya 2018 haina mzaha, na Tanzania (2022) na Kenya (2019) nazo zina sheria zao.
- Mipaka. Daktari mwema akisema "jaribu wewe" na visa hairuhusu, jibu ni "asante, hairuhusiwi kwangu." Mgonjwa akidhurika, bima haitalipa.
- Sindano. Siku ya kwanza uliza: nikichomwa na sindano iliyotumika, nampigia nani na nani analipa? Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28.
- Saa. Raundi ya saa moja na nusu asubuhi maana yake mtu awe pale saa moja na robo. Foleni ya Ubungo haijulikani huko.

"Na kama…"

*Alama zangu ni za kawaida?* Hospitali nyingi huangalia barua ya chuo na tarehe kuliko nafasi darasani. Marekani ni wagumu zaidi.

*Sitaonekana mshamba?* Mwanafunzi aliyeona malaria kali, pepopunda na utapiamlo kwa macho yake ana la kusema kwenye kikao cha asubuhi. Wenyeji wengi wameyasoma vitabuni tu. Aombe dakika kumi za kueleza kisa kimoja, bila jina la mgonjwa.

*Naweza kubaki huko huko?* Kwa visa hiyo, hapana. Anayekaa baada ya muda wake hujifungia milango ya baadaye, na huwafungia wadogo zake chuoni pia, maana hospitali mwenyeji hukumbuka chuo kuliko jina la mtu.

Kabla ya kupanda ndege ya kurudi

Fomu ya tathmini isainiwe na kugongwa muhuri kabla ya siku ya mwisho; bingwa akienda likizo, fomu hukaa miezi. Barua ya mapendekezo iombwe wiki ya tatu, wakati msimamizi bado anakumbuka sura. Chuoni, mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kuhusu jambo moja dogo la kujaribu katika wodi yake, lisilohitaji bajeti, na ampelekee muuguzi mkuu wa wodi kabla ya profesa. Muuguzi ndiye atakayelitekeleza au kulizika.

Wanaotaka kuondoka Julai mwakani wapige simu kliniki ya chanjo wiki hii.